Inazima, Inazimaka

Jumatatu, 8 Septemba

Leo Préfet, mkuu wa shule yetu, ameniita ofisini hata sijapangusa chaki mikononi. Nilidhani ni habari ya kuchelewa kwangu asubuhi kwa sababu ya mvua. Kumbe ni habari ya Jephté. Huyu Jephté nilimfundisha zamani, sasa anaishi ng'ambo, huko Liège, na yeye na wenzake waliosoma hapa wamekubali kutuletea kompyuta za kutosha darasa zima. Za kwanza walizotuma walijichagulia wenyewe, na leo tunazitumia kuwekea vitabu juu. Safari hii wanataka sisi tuseme ni aina gani inayoweza kuishi Goma. Zote zitakuwa za aina moja, na hakuna kurudia.

"Prof Wenceslas, weye njo unajuaka kuuliza batu," Préfet amesema kwa Kiswahili chetu cha Goma, ambamo "ndiye" ni "njo" na "watu" ni "batu". "Uliza wenye kuwa na mashini. Uliza kama banaridhika, na kama zinadumu. Utaniletea jina moja tu."

Nimefurahi, na sitajificha. Napenda kuuliza. Micheline, mke wangu, anasema ningezaliwa mwanamke mtaa mzima wa Majengo ungenikimbia kwa umbeya.

Lakini kuna jambo ambalo halichekeshi. Inspecteur anakuja Desemba. Section yetu, mchepuo wa kompyuta, ilifunguliwa bila kompyuta hata moja inayofanya kazi. Umutesi, mwalimu wake, anachora herufi ubaoni, na wanafunzi wanapiga vidole juu ya vipande vya katoni. Mkaguzi huyo alisema Juni kwamba hali ikiendelea hivi ataifunga. Binti yangu Généreuse yuko humo, mwaka wa nne. Section ikifungwa atasukumwa kwenye ualimu, na yeye hataki hata kulisikia neno hilo. Anasema mwalimu mmoja nyumbani anatosha.

Alhamisi, 11 Septemba

Jephté ametuma picha. Muuzaji wake ana aina mbili tu za kutosha, zote zimeshatumika maofisini kwao huko. Moja ni nyeusi, nene, nzito, yenye pembe. Nyingine ni nyembamba, inang'aa. Majina ya kiwandani siyaandiki kwa sababu hapa hakuna anayeyatumia. Ile nyeusi Goma nzima inaiita Tofali, na ile inayong'aa wanaiita Feza, yaani fedha.

Nimejiwekea utaratibu. Majibu ya wenye mashine nitayaandika humu kwa Kiswahili safi, maana yatasomwa na watu wa mbali, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili, siwezi kutuma maneno ya sokoni. Watu wa nyumbani kwangu nitawaacha waseme kama wanavyosema. Micheline hakuna atakayemweza.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeanza na Donat, mwenye kibanda cha kuchapia hapa Majengo. Wanafunzi wa chuo kikuu humletea kazi zao za mwisho, zile mémoire, naye huzichapa, huzipanga na kuzitoa kwenye karatasi. Ana Tofali. Kibanda kiko ukingoni mwa barabara, na vumbi letu jeusi la volkano limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya nyusi za Donat.

Nimemuuliza kama ameridhika. Ameitukana mashine yake mbele yangu bila kupumua. Ameiita mzigo, ameiita punda, ameiita sanduku la maiti. Wakati anaitukana umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, na mara skrini ikawa giza. Nimemuuliza: je, hii ni kawaida? Amesema "inazima" tu, akiwa ameshainama anatafuta waya. Nimeandika jibu lake kuu: inazima.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua kutwa. Nimesahihisha insha. Zile "ka" za mwisho wa vitenzi zimejaa kama kunguni: nakulaka, tunaendaka, mama anatupikiaka. Wino mwekundu umeniishia.

Jumamosi, 20 Septemba

Mtaa wa Himbi, kwa Papa Cirimwami. Ni mhasibu wa shirika moja lenye ofisi karibu na ziwa, mtu mtaratibu, shati limenyooshwa hata Jumamosi. Ana Feza. Anaifuta kwa kitambaa chake maalumu, na kitambaa nacho kina mfuko wake.

Sijawahi kuona mtu aliyeridhika namna hiyo. Amenisifia wepesi wake, rangi yake, sauti yake, hata jinsi inavyofunguka kwa kidole kimoja. Nilitaka aiwashe nione, akasema kwanza tunywe chai. Tumekunywa chai nzuri ya maziwa, tumeongea habari za watoto, na baadaye ameiwasha na ikawaka vizuri kabisa. Nimeandika: ni nyepesi, ni nzuri, ameridhika sana, inazima kidogo.

Nikiwa narudi nimejiuliza mbona zote mbili zinazima, na bado mmoja anatukana na mwingine anabembeleza. Swali hili limenifurahisha njia nzima.

Jumamosi, 27 Septemba

Kibati, nje kidogo ya Goma, kwa muzee Nzabonimpa. Yeye huchaji simu za watu kwa miale ya jua, na huwawekea nyimbo kwenye simu hizo kwa Tofali ambalo limepoteza rangi kabisa. Watu walikuwa wengi mlangoni, wengi wao wamekimbia vita kutoka Rutshuru, kila mmoja na simu yake. Nimesubiri zamu yangu chini ya bati, mvua inanipiga mgongoni.

Nzabonimpa ni mtu wa maneno machache. Kuhusu kuridhika amesema tunamshukuru Mungu. Nimemuuliza mashine ikoje. Amejibu neno moja huku akihesabu waya zake. Nimeandika: haijafa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimewauliza na wengine: wauguzi, mchungaji, mwenye duka la dawa, wasichana wa redio. Hali ni ileile. Wenye Feza wanasifu. Wenye Tofali wanalalamika, au wanamshukuru Mungu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Na kwenye majibu yangu, kila upande, neno ni moja: inazima, inazima, inazima.

Basi kama zote zinazima, nimeona tuichague ile inayopendwa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimempa Préfet jina: Feza. Ameshangilia, kwa sababu picha ya Feza ilikuwa imeshamwingia moyoni. Umutesi alikuwepo. Amesoma majibu yangu yote polepole, amegeuza kurasa, amerudi nyuma.

"Prof, bote hawa banasema tu 'inazima'?"

"Bote."

"Hata Donat? Mimi nachapishaka kwake na sijaona."

"Nimeona kwa macho yangu."

Amenirudishia karatasi. Nimekasirika kidogo, kwa sababu hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa bidii kama hii.

Jephté amepata ujumbe. Jenerali wangu wa nyumbani, yaani Généreuse, ameona picha ya Feza kwenye simu yangu na ameruka akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

Jumanne, 14 Oktoba

Hakuna umeme tangu Jumapili. Nyanya zimepanda bei, Micheline amenieleza sababu zote.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeloa hadi mifupani, lakini lazima niandike leo hii, kabla aibu haijapoa.

Saa ya tatu nilikuwa na darasa la Généreuse. Somo: wakati wa mazoea, kiambishi hu-. Niliandika ubaoni: mama hupika, jua huchomoza. Nikaomba mifano. Msichana wa mbele akasema, "Mimi husimama sasa." Nikamwambia hapana, hu- haina sasa. Hu- ni tabia ya kitu, si tendo la leo. Akajaribu tena, akakosea tena. Wakajaribu wengine. Ulikuwa ukuta. Watoto wazima, wenye akili, hawakuielewa hu- hata kidogo, nami nikaanza kupandisha sauti.

Hapo Généreuse akainua mkono.

"Papa, pardon, Prof. Si ni ile 'ka' yetu? Mama anapika, ni sasa hivi, iko jikoni. Mama anapikaka, njo kazi yake. Prof anakasirika, ni leo. Prof anakasirikaka…"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Wote wameelewa palepale. Msichana wa mbele akapiga meza: "Aa! Kumbe hu- ni ka!" Nami nilikuwa nimeshainua chaki niseme kama ninavyosema kila mwaka, kwamba ka ni kosa, ka ni uchafu wa barabarani, ifutwe.

Chaki ikabaki hewani. Nilikuwa nimemsikia Papa Cirimwami, kwenye baraza lake, kikombe mkononi, akisema: inazimaka kidogo. Alisema inazimaka. Sikio langu lilisikia, na mkono wangu ukasahihisha.

Sikumbuki nilivyomaliza somo. Nimetoka mbio na mvua yote, hadi kwa Donat.

"Donat, mashini yako inazimaka?"

"Tofali? Haizimake hata! Nani alikuambia inazimaka?"

"Weye mwenyewe. Ulisema inazima."

"Eh, Prof! Ile siku ilikuwa inazima. Courant ilikuwa inaenda na inarudi, na batri nilikuwa nimeitosha mule ndani juu ya kusafisha mavumbi. Ungetaka ifanye namna gani? Nilisema inazima, na weye uliona inazima. Kama ningesema inazimaka, ningekuwa naongopa."

"Basi mbona unaitukana vile?"

"Juu iko nzito! Na iko mubaya kwa macho. Nikienda nayo kwa mutu, banafikiri naleta mashini ya kusaga." Amelipiga Tofali mgongoni kwa kiganja, kwa upole niliouona leo tu. "Lakini njo inatulishaka. Mémoire za batu bote wa hapa zinapitaka humu, na hata siku moja haijanitupa mbele ya mutu."

Nimekaa kwenye benchi lake la wateja. Sikuwa na hasira na yeye wala na ka. Nilikuwa na hasira na kalamu yangu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Himbi tena, baada ya darasa.

"Papa Cirimwami, Feza inazima ao inazimaka?"

Ameniangalia kama mwanafunzi mgumu. "Inazimaka. Nilikuambia. Inapata moto, inazimaka, mi naifunga, nakunywa chai, kisha inarudi. Ile siku ulikuja ilikuwa imetoka kuzima, njo maana nilisema tuanze na chai."

"Na unaridhika?"

"Sana."

"Mashini inazima kila siku na unaridhika?"

"Prof, weye ulishaona mutu anapenda kintu juu haina makosa? Naijua. Ikianza kupata moto kwa upande wa kushoto, najua. Yenyewe haiwezi kunifanyia jambo lenye sijui."

Nimefikiri kidogo, kisha nimeuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza Septemba. "Na rapport ya mwisho wa mwezi, ile yenye haiwezi kuchelewa, unaifanyiaka wapi?"

Amekoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa. "Ile… nafanyiaka kwa mashini ya secrétaire."

"Ni ya namna gani?"

"Tofali," amesema, na amecheka yeye mwenyewe hadi akaweka kikombe chini.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kibati. Matope hadi magotini. Nzabonimpa amenipa kiti safari hii.

"Muzee, mwezi uliopita nilikuuliza juu ya mashini. Ulinijibu neno gani?"

"Nilisema haikufake."

Haikufake! Yaani si mashine ya kufa, kufa si tabia yake. Nami niliandika "haijafa", kana kwamba inangoja padri. Amenionyesha anavyolifungua kwa bisibisi ya kawaida na kulipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Feza moja iliwahi kuletwa kwake ikakosa hata mahali pa kuingiza bisibisi, imeungwa kwa gundi, na mwenyewe alirudi nayo Goma ikiwa imekufa.

"Na kuridhika?" nimeuliza, kwa sababu mimi ni mimi.

"Mwalimu, naridhika na nini? Ni kyombo ya kazi. Nikiamuka iko, inatosha."

Njiani nimeelewa kitu kuhusu swali la Préfet. Nilipouliza watu kama wameridhika, wenye Feza walinieleza mapenzi yao na wenye Tofali walinieleza uchovu wa mgongo. Hakuna aliyenidanganya. Nilikuwa nauliza moyo habari za betri. Nimetamani kurudi kwa kila mtu na maswali mapya, hata kwa wasichana wa redio, na ningefanya hivyo kama Jephté hangekuwa anasubiri.

Jumapili, 26 Oktoba

Baada ya misa nimempigia Jephté. Nimemweleza yote, hadi hu- na ka. Amecheka sana, kisha akasema polepole:

"Prof, Feza zimeshafungwa kwa makatoni. Zinaondoka juma hili, Kigali kisha Gisenyi. Mbele ya mwisho wa Novemba muko nazo."

"Haziwezi kubadilishwa?"

"Zinaweza. Muuzaji anakubali. Lakini Tofali zitatoka hapa kisha Noël, mwaka ukiisha. Mutazipata Januari."

Inspecteur anakuja Desemba. Sijui hata kwa nini niliuliza watu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kikao ofisini, watu watatu: Préfet, Umutesi na mimi.

Préfet amesema lete Feza, section iokoke, mengine tutayaona mbele. Ni maneno ya mtu mwenye akili. Mimi nilikuwa upande wake. Niliwaza Feza zimepangwa mezani siku ya ukaguzi, mpya machoni, na Inspecteur anaweka sahihi yake na kwenda. Kama zingepata moto baadaye, zingepata moto sahihi ikiwa imeshakauka.

Umutesi amesema hapana. Hakupandisha sauti.

"Inspecteur anakujaka mara moja kwa mwaka. Batoto banakujaka kila siku. Miaka mbili nafundisha kwa katoni. Mukinipa Feza, mwaka ujao nitarudi kwa katoni, na kule Liège batasema tumeshabapatia mara mbili. Sitapata tena. Mi nachagua Januari."

"Na kama anafunga mbele ya Januari?" Préfet ameuliza.

"Atafunga section yenye haina mashini. Siwezi kumudanganya juu ya hiyo, iko kweli."

Wakaniangalia mimi, kwa sababu kosa ni langu na jina la aina lilitakiwa litoke kwangu. Nimeogopa. Nimemfikiria Généreuse na kichwa chake kwenye fremu ya mlango. Kisha nimesema Tofali, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, na Préfet amenitaka nirudie.

Nyumbani nimemweleza Généreuse. Hakulia. Amesema, "Sawa, Prof," na ameingia ndani.

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Mvua. Généreuse bado ananiita Prof, hata akiniletea chakula.

Jumatatu, 10 Novemba

Micheline amechoka na ukimya wa nyumba. Leo amenifuata uani.

"Mutoto anakukasirikia, si anakukasirikiaka. Itapita. Weye njo mwalimu wa hiyo, ao?"

Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu kikao. Ni kweli natafuta ka kila mahali siku hizi. Nimegundua Préfet huitumia akisifu na huiacha akiahidi. "Nitafanya," anasema. Hajawahi kusema "nafanyaka".

Alhamisi, 4 Desemba

Donat amepita shuleni. Mtaa mzima wa Majengo unajua habari zetu. Amesema Jumanne atakuja na Tofali lake, Inspecteur alione kwa macho mashine ambayo tunaisubiri. Ameshamtumia ujumbe Nzabonimpa. Umutesi amekubali kwa sharti moja: hakuna atakayesema ni mali ya shule.

Jumanne, 9 Desemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Jua lilitoka baada ya mvua, lile jua kali la kati ya mawingu mawili, na bati la darasa likawa linatoa moto. Nyuma ya darasa walikaa Donat na Tofali lake, Nzabonimpa na la kwake lililofungwa kwa kitenge cha mkewe, na, bila kualikwa, Papa Cirimwami na Feza yake. Alisema amesikia mashine yake inasemwa vibaya mjini na amekuja kuitetea.

Inspecteur ni mwanamume mfupi, mpole, mwenye miwani. Aliweka mkoba wa ngozi juu ya meza ya Umutesi na kutoa mashine yake ya kuandikia rapport. Ilikuwa Feza. Préfet akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeiweka mle.

"Hizi za nyuma ni za shule?" Inspecteur aliuliza.

"Hapana, Monsieur l'Inspecteur," Umutesi alisema. "Za shule zitafika Januari. Hizi ni za batu benye kutusaidia."

"Basi leo section haina mashini."

"Leo haina."

Aliandika. Alikuwa anaandika kwa vidole viwili, polepole, jasho likimtoka, akauliza hili na lile, akaandika tena. Ghafla akaacha. Akabonyeza, akabonyeza tena. Akainua mashine akaiangalia chini.

Skrini ilikuwa giza. Papa Cirimwami akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya daktari: "Upande wa kushoto uko na moto, si vile? Iache ipoe, Muzee. Inazimaka."

"Ya kwako pia?"

"Ya kwangu pia. Mi nakunywaka chai."

Watoto waliuma midomo. Inspecteur hakucheka, wala hakukasirika. Alivua miwani. "Rapport ilikuwa humo," alisema.

Hapo Umutesi akasogea mbele. Alimwambia kwamba mashine za aina ile ile zilikuwa zifike Novemba, na sisi tulizikataa.

"Mulikataa?"

"Tulikataa. Zingekuwa hapa leo, zinangaa, na mungeandika kwamba tuko nazo. Kisha Pasaka zingekuwa zimekufa. Tulichagua zenye hazikufake, na hizo zinachelewa."

Inspecteur aliangalia nyuma ya darasa, kwa Donat, kwa lile Tofali. Aliuliza linadumu tangu lini, na Donat, badala ya kulisifu, akaanza kulitukana: zito, baya, linamvunja bega. Nilitaka kumziba mdomo. Lakini Inspecteur alimsikiliza hadi mwisho na kumuuliza kwa utulivu: "Na unaliuza?"

"Kuliuza? Na kesho nitafanya kazi na nini?"

Inspecteur akavaa miwani. "Batoto banajua kuandika? Ao banajua tu katoni?"

Umutesi hakuniangalia. Aliita, "Généreuse."

Binti yangu alikaa mbele ya Tofali la Donat. Vidole vyake vilikaa kidogo hewani, kisha vikatua. Inspecteur alianza kusema rapport yake upya, kwa Kifaransa, akitembea kati ya meza, na Généreuse akaandika. Kwanza alikwenda polepole, kwa sababu hajazoea kitufe kinachoshuka. Baadaye alikwenda sambamba naye. Umeme ulikatika katikati ya sentensi, taa ikazima, na mashine ikaendelea, naye akaendelea.

Jina la shule. Idadi ya wanafunzi. Mwalimu: ana uwezo. Vifaa: hakuna. Aliandika hilo pia, "hakuna", bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mtoto wangu alikuwa anaandika kwa mkono wake mwenyewe hukumu ya darasa lake, na mimi ndiye niliyechagua mwezi wa Januari.

"Maoni ya Inspecteur," aliendelea. "Kwa kungojea vifaa vitakavyofika Januari, na kwa sharti la kukaguliwa tena Februari, section ya kompyuta ni…"

Akakohoa. Akatoa leso, akajifuta shingo. Vidole vya Généreuse vilikaa juu ya vitufe, havigusi, vinangoja.

"…maintenue."

Yaani inabaki. Généreuse aliandika, akasita kabla ya herufi ya mwisho. Sauti yake ilitoka nyembamba sana.

"Monsieur l'Inspecteur, maintenue, naweka e kwa mwisho?"

"Section, kwa Kifaransa, iko mwanamuke," Inspecteur alisema. "Weka e."

Akaweka e. Akaweka nukta. Alilisukuma Tofali taratibu kuelekea kwa Donat, akainuka, akapita mbele yangu bila kunitazama na akafika uani kabla hajaanza kupiga kelele za furaha, na darasa zima likamfuata nje.